Tanuri na Mabinti Wafalme: Kumuaga Norbert Pruski

Ijumaa tarehe 30 Oktoba 2009, saa kumi jioni, Norbert Pruski atarudisha funguo za gari namba saba na kustaafu, baada ya kuitumikia kampuni yetu ya Vossler na Wanawe, hapa Milwaukee, kwa miaka thelathini na minane. Aliingia Machi 1971 akiwa na nywele. Anatoka akiwa na vibonzo.

Wasifu huu ulikuwa uandikwe na Lucille wa ofisini, ambaye anajua kuandika. Lucille kaugua mafua. Mwenye kampuni akatazama huku na huku, macho yakaniangukia mimi, Emmett Radtke, niliyekaa kiti cha pembeni cha gari namba saba tangu nilipoajiriwa. "Wewe unamjua," akasema. Kumjua namjua. Kuandika ndiko kunakonishinda, basi mtanivumilia kama mlivyonivumilia kwenye mabomba.

Norbert alianzia kwenye matanuri ya kupasha joto nyumba, yale ya makaa ya mawe, akahamia ya mafuta, kisha ya gesi. Alifundisha mafundi wengi, wawili kati yao sasa wana kampuni zao wenyewe na wanatunyang'anya wateja. Wa tatu ni mimi, na nafikiri ndiyo sababu hakuendelea kufundisha.

Kisa chake kinachosimuliwa zaidi ni cha makao ya masista wazee, ile baridi kali ya mwaka 1982. Mkanda wa feni ya tanuri ulikatika, maduka yamefungwa, barabara zimejaa theluji. Norbert akavua mkanda wake wa suruali, akaukata, akaushona kwa waya, na feni ikazunguka hadi kesho yake. Masista walishuka kumshukuru, na yeye akawa anashikana nao mikono kwa mkono mmoja, wa pili umekamata suruali. Mama mkuu akamwambia, "Mwanangu, inua mikono yote miwili tukuombee." Norbert akajibu, "Mama, niombeeni hivihivi."

Sasa vibonzo. Mnajua wote kwamba mwenzetu huyu, mwenye kifua kama pipa la bia na ndevu za mfalme wa msituni, anakusanya vitabu vya zamani vya katuni vilivyotolewa pamoja na filamu za katuni za hadithi za kale. Mabinti wafalme. Vyura wanaoongea. Wachawi wenye pua ndefu. Kila asubuhi Duane, mtunza stoo wetu, alikuwa akimpokea kwa sauti ya filimbi: "Binti Mfalme! Umelalaje kwenye godoro lako la waridi?"

Norbert hakuwahi kununa. "Duane," alimwambia siku moja, "mimi ni malkia. Binti mfalme ni yule Emmett, bado anangoja kuolewa."

Nilicheka kuliko wote, bila kujua kwamba ugonjwa umeshaniingia. Ukikaa garini na mtu kila siku, utashika mafua yake. Norbert alinieleza kwamba vitabu vile vilichorwa haraka haraka kabla filamu haijakamilika, ili viwe madukani siku ya kuonyeshwa. Wachoraji walipewa michoro ya mwanzo, na studio nayo ikaendelea kukata na kubadilisha filamu. Kwa hiyo ndani ya vitabu mna mambo ambayo filamu iliyatupa: dada ambaye hakuzaliwa, joka lililofutwa, harusi ya pili. "Ni kama kufungua ukuta wa nyumba ya zamani," alisema, "ukakuta dirisha ndani yake."

Maneno hayo yaliniponza. Mwezi uliofuata nikaenda peke yangu kwenye maonyesho ya vitu vya kale kule Oshkosh, nikarudi na kitabu kilichofungwa kwenye nailoni ngumu kama kioo. Nilikuwa nimevimba kama kifaranga wa tai. Norbert alikigeuza, akakinusa, akakirudisha kwa upole wa daktari. "Emmett, hiki kilikuwa zawadi ndani ya kopo la uji wa shayiri. Mwaka 1974." Cha pili kilikuwa halisi kabisa. Nilikiweka juu ya kipasha joto cha gari, nikasahau. Gari namba saba lilinuka mchawi wa kuchoma hadi Pasaka.

Kitu ambacho wengi wenu hamkijui ni kwa nini alianza. Mimi mwenyewe nilikaa naye miaka mingi kabla hajaniambia. Tulikuwa tunakula soseji garini, nje mvua inanyesha, nami nikamuuliza kwa utani alilogwa na mchawi gani.

"Mama yangu," akasema.

Mama yake, Bi Halina Pruski, ni kiziwi tangu utoto. Norbert alipokuwa mdogo, familia nzima ilikwenda sinema, na mama akakaa gizani akitazama midomo ya wanyama ambayo haisomeki. Basi baba yao, aliyefanya kazi kwenye kiwanda cha ngozi, akawa ananunua kitabu cha kila filamu mapema. Mama alikisoma jikoni mpaka akakijua kwa moyo, ndipo wakaenda sinema, naye akawa anacheka pamoja na wengine, wakati mwingine mbele yao. Watoto walidhani mama yao anajua mambo yajayo.

Filamu aliyoipenda kupita zote iliitwa "Mshona Mawingu", ya mwaka 1952, juu ya msichana anayeshona mawingu yaliyochanika ili mvua irudi kijijini. Bi Halina alikuwa akiwasimulia watoto wake kwa lugha ya alama, na kila mara alifika mahali pamoja: upepo unavuma kwa kishindo, mawingu hayamsikii msichana, naye anaacha kupiga kelele na kuanza kuyaita kwa mikono. Anaongea kwa vidole, na mawingu yanashuka kumtazama. Hapo Bi Halina alikuwa akisimama katikati ya jikoni, mikono juu.

Kitabu chenyewe kiliharibika, filamu nayo ikapotea kwenye majumba ya sinema. Krismasi ya mwaka 1988 ikatoka kanda ya video. Ndugu wote wakakusanyika, mama akawekwa kiti cha mbele. Wakatazama mwanzo hadi mwisho. Upepo ulivuma, msichana akaimba wimbo, mawingu yakashuka. Wimbo! Mikono ya msichana ilikuwa ndani ya mifuko ya aproni.

"Dada yangu Wanda akamwambia, 'Mama, lile la mikono uliliota,'" Norbert alinieleza. "Tukacheka. Mimi pia. Mama akainuka, akaenda kuosha vyombo ambavyo vilikuwa safi."

Tangu siku hiyo, Bi Halina akisimulia lolote la zamani, jinsi alivyokutana na baba yao, au jinsi walimu walivyomfunga mikono shuleni asiongee kwa alama, mmoja wa ndugu au wajukuu alitengeneza wingu kwa vidole, na meza nzima ikaangua kicheko. Ulikuwa utani wa nyumbani tu. Lakini taratibu mama akaacha kusimulia. Hilo ndilo lililomtia Norbert barabarani kila Jumamosi, kutoka mnada hadi mnada, akitafuta kitabu kimoja. Kila aliyekuwa nacho alikuwa amekiuza, na kila aliyekinunua alikuwa amehamia Florida. Vile vingine vyote alivyokusanya, alivinunua kwa kuwa aliona haya kuondoka mikono mitupu.

Januari 2004 tuliitwa kwa Bi Ottilie Krahn, mwalimu mstaafu wa upande wa kusini wa mji. Tanuri lake lilikuwa limezimika, naye alitupokea akiwa amevaa makoti mawili na kofia ya marehemu mumewe. Tukashuka chumba cha chini. Norbert akalala kifudifudi kumulika bomba la gesi, na hapo akaacha kusogea. Nilisubiri. Nikamgusa kwa kiatu.

"Norb, umekufa?"

"Emmett," akasema kwa sauti ndogo, "tazama chini ya mashine ya kufulia."

Mtaka cha mvunguni sharti ainame, nami nikainama. Chini ya mguu wa mashine palikuwa na rundo la vitabu vya katuni lililosukumwa pale miaka mingi ili mashine isicheze. Kwenye ukingo wa kimoja nilisoma herufi chache: "...NA MAW..." Mashine yenyewe ilikuwa imejaa maji na mashuka, inazunguka.

Kampuni yetu ina kanuni, na Norbert ndiye aliyenifundisha: fundi hanunui, haombi, wala hachukui kitu chochote nyumbani kwa mteja. Kwa hiyo alitengeneza kwanza tanuri, lote, mpaka joto likapanda juu. Alichukua zaidi ya saa moja, na mimi kila nikimpa spana ilikuwa siyo. Ndipo akapanda ngazi, akavua kofia na kumwomba Bi Krahn ruhusa ya kutazama ukurasa mmoja wa karatasi zilizo chini ya mashine yake.

"Mmekuja kutengeneza tanuri au kusoma?" akauliza bibi.

"Tanuri limekwisha, mama. Sasa ni kusoma."

"Mashine imejaa."

"Mwenzangu ataiinua."

Mwenzake akaiinua. Mgongo wangu haujarudi mahali pake tangu siku ile, na fomu za bima nilizojaza zinasema "ajali wakati wa kusoma". Norbert alilichomoa rundo lile kama mtu anayetoa ndege kiotani. Jalada lilikuwa limeoza. Kurasa za mbele na za nyuma zilikuwa uji. Mkusanyaji yeyote wa maana angekitupa. Norbert akapuliza, akatenganisha kurasa za katikati kwa bapa la kisu, na akakaa sakafuni.

Upepo ulikuwepo. Msichana alikuwepo, juu ya paa la kinu. Mdomo wake ulikuwa umefungwa, na mikono yake ilikuwa juu, vidole vimechorwa kimoja kimoja. Kurasa mbili nzima bila neno hata moja. Na mawingu yameinama kumtazama.

Nilikuwa bado nimebeba mashine. "Norb," nikamwambia, "ni vizuri sana. Naomba kufa."

Tulipompa Bi Krahn kisa chote, akasema tukichukue kitabu haraka tumwachie joto lake. Norbert akakataa: kanuni ni kanuni. Nikakimbilia simu ya jikoni, nikampigia mwenye kampuni, Bi Rosalind Vossler, ambaye tangu asubuhi alikuwa anatuuliza tumekwama wapi. Alinisikiliza, kisha akauliza, "Kanuni inasemaje kuhusu karatasi kavu zilizo karibu na tanuri?"

"Ni hatari ya moto. Fundi aziondoe."

"Kwa hiyo nyinyi wawili mnangoja nini, nyumba iungue?"

Basi kumbukumbu za kazi za siku hiyo zinasema kwamba fundi Pruski aliondoa takataka zinazoweza kuwaka. Alichonga pia kipande cha mbao ya mwaloni, akakiweka chini ya mguu wa mashine. Bi Krahn hutuandikia kila Krismasi kwamba mashine haijacheza tena.

Jumapili baada ya misa Norbert alinichukua niende naye kwa mama yake, labda kwa kuwa mimi ndiye niliyeulipia ugunduzi ule kwa mgongo. Ndugu wote walikuwepo, na supu nyekundu ya bitiruti mezani. Norbert hakutoa hotuba. Aliweka kitabu mbele ya mama, kimefunguliwa.

Bi Halina alivaa miwani. Alitazama ukurasa wa kushoto, akatazama wa kulia, akarudi wa kushoto. Mimi nilikuwa nimeshatoa leso. Yeye akageuka, akampiga mwanawe kofi la kisogoni ambalo hata kiziwi angelisikia, kisha mikono yake ikaanza kwenda. Norbert akanitafsiria, anasugua kisogo: "Miaka kumi na mitano! Nyumba nzima imejaa masikio, na hakuna hata mmoja aliyenisikia!"

Wanda akalia, akapiga magoti pembeni ya kiti. Mama akamwacha alie kwa muda wa kutosha, kisha akamwinua. Akakitazama kitabu tena, akakunja uso, akaongeza jambo.

"Anasema nini?" nikauliza.

"Anasema pua ya msichana imechorwa vibaya. Anaikumbuka ikiwa nzuri zaidi."

Halafu wakamwomba asimulie. Si "Mshona Mawingu"; wakamwomba ile ya shule, ya kufungwa mikono. Akaisimulia yote, na supu ikapoa, na hakuna aliyetengeneza wingu. Mimi sijui alama hata moja zaidi ya ile ya kuomba bia, lakini nilikaa pale nikitazama midomo ya watu ikiwa imefungwa na nyuso zao zikiwa wazi, na kwa mara ya kwanza katika maisha yangu sikuwa na mzaha wa kutupia.

Kuanzia Novemba, Norbert atakuwa kila Jumamosi kwenye klabu ya viziwi ya mtaa wao, na masanduku yake yote ya vibonzo, kuwasimulia watoto kwa mikono. Tanuri la klabu lile limechakaa. Tunajua atakachofanya.

Norbert, asante kwa joto uliloacha katika nyumba za mji huu, na kwa kunifundisha kazi, ingawa ushahidi ni mdogo. Tunakuombea afya, magoti yasiyolia, na siku ndefu zisizo na simu ya mteja. Uishi salama, ndugu yetu.

Tangazo la mwisho kwa watakaofika ukumbini Ijumaa kula samaki wa kukaanga: Bi Halina, mwenye miaka themanini na sita, atakuwepo meza ya mbele. Norbert atakapoitwa jukwaani, tafadhali msipige makofi. Inueni mikono yote miwili juu na kutikisa vidole, ili mama yake aione shangwe yote.