Bwana Laza na Fupi Moja Isiyorudi

Marehemu, ambaye wengi wenu mlimjua kwa jina la Bwana Laza, alizaliwa tarehe 9 Aprili 1946 katika nyumba iliyopakana na kinu cha kusaga nafaka. Alikuwa kitinda mimba. Mama yake alizoea kusema kwamba mtoto huyu alizaliwa na wasiwasi wake: kinu kikinguruma alilala, kikinyamaza alilia.

Alisoma shule ya msingi jirani na nyumbani, kisha chuo cha ufundi, akahitimu uhandisi wa mitambo mwaka 1968. Mwaka uliofuata aliajiriwa katika karakana ya jeshi. Huko alipewa kazi iliyomkondesha: kubuni bunduki ya kivita iliyo nyepesi, ya kupiga risasi moja moja au mfululizo, ambayo askari angeweza kuifungua na kuisafisha hata akiwa matopeni. Ilimchukua miaka sita. Askari waliipenda, wakaibatiza Fupi.

Fupi ilikuwa na kasoro, na kasoro ilikuwa ya marehemu mwenyewe. Kifyatulio kilikuwa kizito mno. Bunduki ikianguka kwa kitako, kilijivuta chenyewe. Hilo lilijulikana Agosti 1977, wakati Fupi zimeshasambazwa makambini. Moja iliteleza ikaanguka, ikalia, risasi ikatoboa sufuria ya mpishi wa kambi. Mpishi alikuwa ameinama kuokota mwiko. Yupo nasi hapa leo, na hadi leo husema, "Mwiko ule ndio ndugu yangu wa damu." Sisi hucheka. Marehemu hakucheka hata siku moja.

Alibuni kifyatulio chepesi, akakiwekea ulimi wa kukizuia, kisha akazunguka kambi kwa kambi akivibadilisha kwa mikono yake. Kila alipoingia ghalani alipaza sauti, "Laza! Usiiegemeze, laza!" Jina likamganda. Fupi ilitumika mpaka mwaka 2008, ikabakizwa kwa gwaride na mazishi tu, na zote zilipita mikononi mwake isipokuwa moja. Wakubwa walimwambia hiyo ilizama mtoni, aisahau.

"Mto gani?" aliuliza. Wakafunga faili.

Mwaka 1979 alifunga ndoa na mshonaji wa sare wa karakana ileile. Bibi harusi alikuta nyumba ambamo ufagio, mwavuli na ngazi vyote vimelala sakafuni. "Jamani, hii nyumba au wodi?" aliuliza. Lakini alizoea. Kitu kikianguka, hata kiwe kifuniko jikoni, marehemu alikurupuka: "Nani ameumia?" Asipojibiwa, chakula hakikushuka. Watoto wake walikua wakipiga kelele "Hakuna, baba!" kabla hata hajafungua mdomo.

Alianza kuugua moyo mwaka 2019. Hofu haikumwacha: redio ikitaja tu ajali ya bunduki, alitaka kujua ni bunduki gani. Jumanne tarehe 14 Januari 2025, binti yake mkubwa, huyu anayewasomea, alikuwa naye wodini. Mkongojo wa mgonjwa wa kitanda cha pili ukaanguka. Marehemu akafumbua macho. "Nani ameumia?" Binti alikuwa ameshainuka kuuokota ule mkongojo. Alipogeuka kumjibu, baba yake alikuwa amekwisha kukata roho. Jambo hilo limemnyima usingizi tangu siku ile.

Marehemu ameacha mjane, mabinti wawili, mtoto wa kiume mmoja, wajukuu, na rafiki yake mpishi.

Nanyi askari mliokuja na Fupi kumpa heshima za mwisho, mjane wake hajaondoa macho kwenye bunduki zenu tangu asubuhi. Anawaomba mkimaliza msiziegemeze ukutani. Zilazeni, wanangu, taratibu.

Baba, uliuliza ukaondoka bila jibu. Ile moja hatujui iliko. Lakini kwa tunavyojua sisi, hakuna aliyeumia. Hakuna, baba. Sasa lala na wewe.