Bi. Maua Adinani, Aliyekaa Katikati Yetu

Tarehe 30 Juni 2025, Bi. Maua Adinani anastaafu baada ya miaka thelathini na mmoja kwenye dirisha la mikopo la Miyombo SACCOS, hapa Tabora mjini. Mwandishi wa wasifu huu, Revocatus Lugembe, ndiye msaidizi wake na ndiye atakayekalia kiti chake. Kamati imeniomba niandike kwa furaha. Nitajitahidi, lakini wivu ninao, na nausema mapema kwa kuwa ofisi nzima inaujua.

Mgeni angedhani kazi ya Bi. Maua ilikuwa kutoa fedha. Fedha zenyewe si zake wala si zangu. Ni akiba za walimu, wenye maduka na mama ntilie wa hapa mjini, na wanaozihitaji ni wakulima wa tumbaku wa Goweko na warina asali wa Sikonge. Bwana Nanji, mwenye duka la jumla, hawezi kumkabidhi akiba yake mtu asiyemjua huko porini, hata umpigie magoti. Mkulima naye hathubutu kumgongea Bwana Nanji mlango. Lakini wote wawili walimwamini Bi. Maua, basi mbolea ikanunuliwa na faida ikamrudia mwenye akiba. Mimi nilikuwa dirisha la pembeni, sina foleni. Watu walikubali kuungua jua wakimsubiri yeye, huku wakinisalimia kwa adabu zote. Iliniuma, jamani!

Ujuzi wake ulikuwa kwenye korido. Wenye ugomvi hakuwakalisha pamoja hata siku moja. Mmoja chumba hiki, mwingine kile, na yeye katikati akipeleka maneno. Bwana Nanji aliwahi kusema kwamba Mhoja, mrina asali wa Sikonge, anaongeza maji ya sukari kwenye ndoo ya asali anayomuuzia. Mhoja naye akasema mizani ya Nanji ni ya kiwizi. Bi. Maua akatembea. Mhoja akaambiwa kwamba mnunuzi angependa kuonja asali ya chini ya ndoo, na Nanji akaambiwa kwamba muuzaji angefurahi wakipimia mizani ya ofisi. Biashara ikafanyika, na chai wakanywa.

Alipokwenda likizo ya Idi, nikasema na mimi nina miguu. Wakaja muuzaji na mnunuzi wengine wa asali, nikapeleka maneno yote kama redio, sikupunguza hata tusi. Mmoja alitokea mlango wa mbele, mwingine wa nyuma, na ndoo ikabaki kwetu ikiita nyuki wiki nzima. Bi. Maua aliporudi hakunicheka. Afadhali angenicheka.

Hata mke wangu nilimpata kwa mkono wake, maana ndiye aliyekuwa mshenga wangu. Mpaka leo mama mkwe akipiga simu, anaanza kuulizia hali ya Bi. Maua, kisha ya watoto, kisha ya mbuzi, ndipo nifike mimi.

Mwezi uliopita wakulima wa Goweko walituma salamu kwamba Bi. Maua akiondoka, na wao wanatoa akiba wanazoweka kwetu baada ya mauzo na kuondoka. Sikulala. Wakitoka Goweko, chama kinayumba, na itasemwa kwamba Revocatus ndiye aliyekibomoa. Nikameza kiburi, nikamwomba anisindikize Goweko, awe mshenga wangu mara moja tena. Alikataa. Alisema ana mahindi ya kupukuchua. Nilikasirika, sifichi. Nilijiambia kwamba mama huyu anataka tuanguke ili aitwe arudi.

Nikapanda bodaboda peke yangu. Kikaoni wakulima wakataka warejeshe mikopo ya msimu ujao baada ya wanunuzi wa tumbaku kuwalipa. Bwana Nanji na wenzake wa mjini walishaniambia wanataka mapema, na waliniambia kwa maneno ambayo siwezi kuyaandika hapa. Safari hii maneno hayo niliyaacha njiani. Nilisema tu kwamba mjini kuna ada za shule za Januari, na watu wana hofu. Tukavutana mpaka tukakubaliana nusu mapema, nusu baada ya mauzo.

Nikadhani yamekwisha. Mzee Shigela, mwenyekiti wao, akatoa simu, akasema lazima kwanza amuulize Bi. Maua kama huyu kijana anasema kweli. Kijana, na mvi zangu hizi! Akaweka spika, kikao kizima kisikie. Simu ikaita mpaka ikakatika. Akapiga tena, ikaita, ikakatika. Bi. Maua, ambaye hupokea simu hata akiwa msibani! Mzee Shigela akairudisha simu mfukoni, akaniuliza naitwa nani vile. Nikamwambia. Wakapiga makofi, na akiba zao zimebaki.

Niliporudi, keshia wetu Najiat alinieleza kwamba mchana ule Bi. Maua alikuwa mezani kwake hapo ofisini, hana hata kazi. Simu ilikuwa mbele ya kikombe chake. Iliita mara mbili, akalitazama jina la anayepiga mpaka ikanyamaza, kisha akaendelea kunywa chai.

Dada Maua, kwa niaba ya wanachama na wafanyakazi wote, asante kwa utumishi wako. Kwa niaba yangu mwenyewe, asante kwa simu ile ambayo hukuipokea. Mungu akupe afya, wajukuu na usingizi mzito. Na Goweko wakipiga tena, dada yangu, iache iite. Mimi nipo.