Marehemu Leodegar Revelian na Chembe Zilizong'aa

Kaka yetu Leodegar Revelian alizaliwa Kanyigo, Bukoba, tarehe 14 Machi 1919, mtoto wa pili wa Mzee Revelian na Mama Auleria. Alisoma shule ya misheni, na mwaka 1938 akashuka Dar es Salaam kujifunza kazi ya maabara.

Kazi hiyo ilimkolea! Aliajiriwa katika hospitali moja ya mjini, akienda kwa baiskeli kutoka Temeke, na tulimtania kwamba huamkia darubini kwanza, watu baadaye. Mwaka 1946 alimwoa Jovina, akamsifia kwa majirani kuwa anakata vitunguu vyembamba kuliko yeye anavyokata vijipande vya nyama za wagonjwa vya kupimia.

Mwaka 1953 akaletewa apime kipande cha nyama ya mguu wa Salumu, seremala wa Temeke. Mguu huo uliwahi kuvunjika, ukaungwa kwa bamba la chuma ndani, sasa ulikuwa umevimba. Ilihofiwa ni saratani, na siku ya kuukata ilikuwa imepangwa. Leodegar aliona chembe nyeusi, akasema ni za malaria, yaani uchafu mweusi unaoachwa na vijidudu vyake. Hapa pwani nani hana malaria? Dokta Noorali, mkuu wake, akakubali. Lakini moyo wa Leodegar haukutulia. Chembe za malaria hufuata damu, na hizi zilijazana pale nyama ilipogusana na bamba. Akazima taa ya chini ya darubini, akamulika tochi kutoka juu. Zikametameta!

"Dokta, njoo! Malaria gani inang'aa hivi?"

Dokta Noorali alichungulia, akapiga meza. "Chuma, bwana! Bamba linasagika! Na saratani mie siioni kabisa!"

Walikumbatiana mpaka chai ikamwagika. Bamba likatolewa, uvimbe ukanywea, na Salumu mpaka leo anasimama kutwa akiranda mbao.

Novemba 1957 Leodegar alitokewa na uvimbe shingoni. Kipande kilipokatwa, alishikilia akitazame mwenyewe, Jovina akiwa kando yake. Alitazama kwa shauku ileile, akasogeza kioo chenye kile kipande huku na huku, kisha akainua kichwa.

"Mama Wilbert, ndiyo saratani yenyewe. Safari hii sijakosea."

Jovina akamfunga vifungo vya koti. "Basi, baba, twende nyumbani."

Alifariki nyumbani Temeke, tarehe 2 Mei 1958, mkono wake ukiwa mkononi mwa mkewe. Ameacha mama, mjane Jovina, watoto Wilbert na Marselino, na sisi wadogo zake tusiojua tumwite nani kaka sasa. Bwana ampe pumziko lenye amani.