Jenerali Aliyekwenda Kambini Bila Bunduki

Tarehe 30 Juni 1924, Jenerali Barend Terblanche anastaafu baada ya miaka kumi na saba katika Idara ya Ardhi na Maji, mitano ya mwisho akiwa Waziri. Kabla ya hapo alipigana na Waingereza miaka mitatu, akilalia tandiko la farasi kama mto.

Sisi makarani tulimjua kwa mabwawa manne aliyoyajenga, na kwa biskuti kavu alizochovya kwenye kahawa hata mbele ya Gavana. Si kila alichotia saini ni cha kusifiwa; Wasotho waliohamishwa kutoka bonde la Rietkuil wana yao ya kusema juu yake. Lakini mimi swali langu lilikuwa moja: kwa nini mzee huyu wa vita hakutaka kabisa kuuzungumzia mwaka 1914?

Mwezi Machi nikajipa moyo, nikamwuliza. Akanieleza.

Mwaka ule Serikali iliingia vitani upande wa Mwingereza, na wapiganaji wa zamani wa Jenerali wakaasi. Kiongozi wao alikuwa Kasper, mdogo wake wa tumbo moja. Jenerali alitumwa na askari mia tatu. Akawaacha nyuma ya kilima, akamkabidhi sajini bunduki yake, akaingia kambini peke yake.

"Umekuja kunikamata, kaka?"

"Nimekuja kunywa kahawa. Mama angekuwepo, angekuchapa kwa kuninyima."

Watu wakacheka. Kasper hakucheka.

"Mama alifia katika kambi ya wafungwa ya Waingereza. Na wewe umevaa koti lao."

Hata hivyo wakazungumza asubuhi nzima. Wanaume hamsini na wanane wakaweka silaha chini, wakarudi kuvuna. Kasper akakataa; alikamatwa siku ya tatu, akafungwa miaka miwili. Hakumsemesha tena kaka yake.

"Niliwaokoa ndugu za watu," Jenerali aliniambia, "wangu nikampoteza."

Wiki tatu baadaye, mzee mwenye ndevu za vumbi aliulizia mlango wa Waziri. Nilimfungulia, na nakiri nilichelewa kuondoka mlangoni.

"Nasikia wamekufukuza."

"Nastaafu, Kasper."

"Ni yaleyale. Kisima changu kimekauka. Si wewe ndiye bwana maji?"

Kisha nikamsikia Waziri akipenga kamasi.

Jumanne anapanda treni kwenda kuchimba kisima cha mdogo wake. Asante, Jenerali. Uende salama, na mwamba uwe laini.