Sharti la Mkono wa Kushoto

Fundi saa hakupanda basi ili asikilize ya watu, lakini dereva mstaafu aliyeketi mbele yake alikuwa na sauti ya kuamsha mtaa. “Miaka mitatu chuo kikuu, mwanangu, halafu wanakufundisha kuandika vibaya?”

Binti aliyekaa kando ya mzee huyo aliendelea kuandika kwa mkono wa kushoto, herufi zikipepesuka kama walevi. “Ndiyo sharti, baba. Anayetaka kufundisha watoto wenye mahitaji maalumu, muhula mzima anaandika kwa mkono asiouzoea. La sivyo, shahada hapewi.”

“Upuuzi mtupu. Mwalimu anahitaji chaki na upendo, basi.”

“Haya, jaribu wewe.”

Mzee akapokea kalamu kwa dharau, akaihamishia kushoto na kuanza kuandika jina lake. Kufika herufi ya tatu, ulimi ulishatoka nje na jasho lilikuwa linamtiririka puani. Fundi saa, ambaye hakuwa anasikiliza, alikuwa ameinuka nusu ili aone vizuri.

“Haraka, baba, wenzako wameshamaliza,” binti akasema kwa upole, kama mwalimu darasani.

“Usinikimbize. Huoni najitahidi?”

Binti alitabasamu tu. Mzee akamtazama, akaitazama karatasi. “Bado nasema ni upuuzi,” akanung’unika, safari hii kwa sauti ya chini.

Basi likasimama. Kondakta akamgusa mzee bega kumwambia kituo chake ndicho hiki.

“Ngoja kwanza,” mzee akasema bila kuinua kichwa. “Imebaki herufi moja.”