Sungura, Joka na Kitufe

Ndani ya mabasi ya mji wa Akita watu huwa kimya, ndiyo maana Haruyo alisikia kila neno la wawili waliokaa mbele yake.

"Umenunua huo mchezo wa video?" mzee mmoja alimuuliza mama asiyemjua, aliyepakata boksi jipya. "Kaurudishe. Wameuharibu."

"Wameuharibu wapi? Wahusika wake, Sungura na Joka, kampuni zao hazipikiki chungu kimoja, leo wanashindana uwanja mmoja!"

"Kwenye toleo la zamani nilirusha mkuki kwa kuupunga mkono mzima mbele ya skrini. Kituo chetu chote cha wazee tulitoka jasho! Sasa ni kubonyeza vitufe tu, tena upesi upesi. Wenzangu wameacha kuja, mmoja mmoja."

"Si ubonyeze tu, mzee wangu! Kubonyeza nako ni kazi?"

Haruyo akaona mama kashinda.

Kituo cha basi cha mzee kilikaribia. Mzee akaweka kwenye kitufe cha kushukia kidole gumba kilichopinda kama tangawizi, akakandamiza, akakandamiza tena. Taa ya kumjulisha dereva haikuwaka. Basi likapita.

Haruyo alibonyeza yeye, kwa kuchelewa. Basi liliposimama kituo kilichofuata, mzee aliinama kushukuru, akashuka, akaanza kurudi kwa miguu kwenye theluji.

Mama alimtazama dirishani, kisha akaligeuza boksi la mchezo kifudifudi.