Walinzi Wamekaa Ofisini

Katika Noah ya abiria ya kwenda Matai, Cornelia alimgeukia Leonidas, mwalimu wa historia anayesimamia ulinzi wa kijiji chao.

“Nguruwe pori wamemaliza mahindi yangu kule ukingoni mwa kijiji, na walinzi wako wamekaa ofisini!”

“Mama, hata Warumi mwanzoni walipanga majeshi mpakani, kandokando ya Mto Danubi. Baadaye waliwarudisha askari bora nyuma, ili wakimbilie popote adui anapopenya.”

“Na kabla hawajafika, adui alikuwa anakula kwa nani?”

Leonidas alikohoa. Jibu hilo alilifundisha kila mwaka. “Kwa watu wa mpakani.”

“Shamba lako wewe liko wapi, mwalimu?”

Lilikuwa nyuma ya ofisi ya kijiji. Gari liliposimama Leonidas aliinuka haraka, lakini Cornelia alikuwa ameshashika mkanda wa begi la mwalimu.